Tangi la Sita na Moja

Kengele ililia saa nne asubuhi, mara tatu fupi, ikanyamaza kidogo, kisha ikalia tena mara tatu.

Ngendo aliweka kalamu chini, akachukua kipimajoto cha kioo, akatoka ofisini. Ulikuwa mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya soko la Chaka tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga. Alipanda ngazi ya tangi la mwisho akishika tumbo kwa mkono mmoja, akafunua kifuniko, akazamisha kipimajoto, akahesabu hadi sitini bila haraka kama alivyofundishwa. Digrii nne. Maziwa yalikuwa baridi ya kuuma meno.

Aliporudi ofisini, skrini ya kompyuta ilikuwa na maneno yale yale ya kijani:

WATIRI 37.0

Hilo si joto la maziwa ya tangini. Ni joto la mtu.

Kompyuta ile ilikuwa na siku tatu tu pale kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Aliyeileta ni Wasike, fundi wa serikali kutoka Bungoma aliyepanga chumba kule Gatitu, kijana mcheshi mwenye koti la bluu lenye kalamu nne mfukoni. Alikuja na visanduku vidogo vya kijivu, kimoja kwa kila tangi. Kila kisanduku kilikuwa na kijiti cha chuma cha kuzamishwa ndani ya maziwa, na vyote viliungwa kwa waya mmoja uliopita ukutani hadi ofisini. Huko mtu angeketi kwenye kiti, aandike swali, na kisanduku kijibu joto la tangi lake. Ule ulikuwa mwaka wa 1987, na wakulima waliokuja na mitungi yao walisimama mlangoni kutazama kama watu waliokuja kuona maiti.

"Hivi vitu vikitoka kiwandani vyote ni sifuri," Wasike alimweleza Ngendo, kwa kuwa karani ndiye angevitumia. "Ukiviunga pamoja kabla ya kuvipa kitambulisho, unauliza moja na vyote vinajibu. Kelele tupu. Kwa hivyo tunaunga kimoja, tunakipa namba, tunakiwekea kengele, ndio tuunge kingine."

"Na kabla hakijapewa namba, kinakuwa cha nani?"

"Cha yeyote atakayekiita kwanza," alisema Wasike, akacheka.

Ngendo alijifunza upesi. Aliandika ID na namba. Aliandika H na kikomo cha juu, digrii kumi. L na kikomo cha chini, digrii mbili. Mwisho aliandika idadi ya milio ya kengele, akachagua mitatu, kwa sababu mmoja ungeweza kupotea katika kelele za mitungi. Kisanduku cha kwanza kilijibu OK. Cha pili hali kadhalika. Walifika cha sita kabla ya chakula cha mchana.

Hapo Ngendo alisita. Watu wa upande huo wa mlima hawapendi namba inayofuata sita. Ni namba ya viapo na ya laana. Jiwe la kiapo la zamani lilikuwa na matundu ya idadi hiyo hiyo. Mtu hahesabu ng'ombe wake wala wanawe akaitamka. Husema sita na mmoja, akapita. Hata tangi lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi "6 + 1", na hakuna mkulima aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Mama, mbona vidole vimeganda?" Wasike aliuliza. "Iko namba moja tu imebaki."

"Hiyo siandiki. Na mimba yangu iko miezi sita na mmoja, unataka niandike?"

"Wazee wa huku! Sisi kwetu hiyo namba haijawahi kosana na mtu." Alitazama saa yake. "Haya, kinakubali pia herufi, lakini zisizidi sita. Kipe jina lolote twende tukale."

Ngendo aliandika W-A-T-I-R-I kabla ya kufikiri, akabonyeza. Skrini ilikaa muda mrefu kuliko ilivyokaa kwa visanduku vingine. Kisha ikajibu OK.

Watiri alikuwa mama yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuleta maziwa katika kituo hicho, akibeba mtungi mgongoni kwa kamba iliyomchimbia mfereji kwenye paji la uso. Alikuwa amezikwa mwezi wa Machi. Ngendo alikuwa tayari na binti mmoja, na huyo alipewa jina la mama wa mumewe, Murugi, kama desturi inavyotaka. Binti wa pili ndiye angekuwa Watiri. Hivyo ndivyo mtu anavyorudi nyumbani kwake: kupitia mjukuu anayebeba jina lake. Na kabla mjukuu hajazaliwa, jina hilo linakaa kama mtungi mtupu uliofunikwa vizuri. Halipewi ng'ombe, halipewi mbwa, haliandikwi juu ya kitu.

Ngendo alilijua hilo. Alijiambia ni kwa siku chache tu, mpaka fundi apate namba nyingine.

*

Siku iliyoifuata ile kengele ilikuja harufu.

Mzee Theuri, msimamizi wa kituo, ndiye aliyeitaja kwanza. "Nani ameachia panya akafia hapa?" aliuliza, akiinamia chini ya matangi na tochi. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa usafi. Alivaa gamboti zilizong'aa kuliko viatu vya watu wengine vya Jumapili. "Mama Murugi, hebu nusa hapa. Mimi pua yangu imezeeka."

Ngendo hakuhitaji kunusa. Aliitambua harufu hiyo kabla hajataka kuitambua. Ilikuwa tamu na nzito, kama siagi iliyooza ndani ya kitambaa chenye usaha. Ilikuwa harufu ya titi la mama yake.

Kidonda kilimla Watiri miezi mitano. Kilianza kama punje ya harage, kikapasuka, kikawa shimo lenye kingo za kijani lililotoa maji ya njano usiku na mchana. Ngendo ndiye aliyekiosha. Kila asubuhi aliingia na beseni, akafunua kitambaa, na kila asubuhi, kwa miezi mitano, aligeuza uso ukutani huku mkono wake ukifanya kazi peke yake. Mama yake hakusema neno. Siku moja tu alimtazama Ngendo akiwa amegeuka vile, akavuta shuka mwenyewe, akajifunika.

Hakuna mtu mwingine aliyejua habari hiyo.

Asubuhi ya siku ya tatu tangu kengele ianze, Theuri alifunua tangi la mwisho akarudi nyuma hatua mbili, akajipangusa mikono kwenye aproni ingawa hakuwa ameshika kitu. Ngendo alipanda ngazi akaangalia. Juu ya maziwa palikuwa na utando. Utando wa maziwa anaujua kila mtu, mwembamba, mweupe, wa kupulizwa ukakunjika. Huu ulikuwa wa rangi ya njano, mnene kama ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, wenye vinyweleo vidogo vyeupe na mistari mistari kama ya kiganja cha mtu mzee. Katikati ulikuwa umevimba. Juu ya uvimbe palikuwa na kitundu, na kitundu hicho kilikuwa kikitoa tone, kikapumzika, kikatoa tone lingine.

"Ni bakteria," Theuri alinong'ona, kama mtu anayemwomba Mungu iwe bakteria.

Aliushika kwa mwiko mrefu wa mbao. Utando ulijikunja, ukajivuta kama unavyojivuta mgongo wa ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Ngendo alinyoosha mkono ili ashike mwiko usidondoke, na ukingo wa kitu kile ukamgusa kiwiko. Ulikuwa na joto. Maziwa ya chini yake yalikuwa digrii nne na wenyewe ulikuwa na joto la kitanda alichotoka mgonjwa sasa hivi, na ulimganda, na alipoubandua uliacha ute uliovutika kama makamasi kati ya mkono wake na tangi, hata akatapika papo hapo juu ya ngazi.

Walimwaga tangi zima katika shimo la taka nyuma ya kituo. Mbwa wa soko la Chaka, ambao hula hata kamba za viatu, walifika ukingoni, wakanusa, wakakimbia mkia ukiwa katikati ya miguu. Tangi lilioshwa kwa maji ya moto na magadi mara tatu, likaachwa wazi, kavu, tupu kabisa.

Saa nane mchana kengele ililia. WATIRI 37.0.

*

Wasike alifika kesho yake akiwa na sanduku la vyombo na mzaha, lakini mzaha ulimwisha mlangoni harufu ilipomkuta. Aliketi, akaandika H na digrii kumi. Kisanduku kikajibu OK. Akakiuliza kikomo chake cha juu ni kipi. Kikajibu 38. Akauliza cha chini. Kikajibu 36.

"Nani ameweka hii?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hii si ya maziwa. Hii ni ya mtu mgonjwa hospitalini."

Aliandika upya mara nne, na mara nne kilijibu OK kikarudi pale pale. Alikwenda kwenye tangi akachomoa waya. Aliporudi nao mkononi, skrini ilikuwa bado inasoma 37.0, na kengele ilikuwa kimya, kwa kuwa sasa thelathini na saba ndiyo iliyokuwa sawa kwake.

Wasike alifikiri kwa muda, akiuma kalamu. Kisha alimtazama Ngendo, akatazama tumbo lake, akaangalia pembeni haraka.

"Mama, hebu toka nje kidogo. Enda mpaka barabarani."

"Kwa nini?"

"Enda tu, tafadhali."

Ngendo alitoka. Alipita matangi, akapita mizani, akafika langoni, na kila hatua aliyopiga ilikuwa nzito kama ya mtu anayevuta kamba asiyoiona. Na alipoukanyaga mchanga wa barabara ya Nanyuki, kengele ililipuka nyuma yake, milio mitatu, mitatu, mitatu bila kupumzika, na akamsikia Wasike akisoma kwa sauti iliyokuwa ikipanda, thelathini na tatu, ishirini na nane, kumi na tisa, tisa, nne, rudi mama, rudi! Mtoto alikuwa amejikunja tumboni kama ngumi. Alikimbia kurudi, na kadiri alivyokaribia kengele ilipungua, na alipoingia mlangoni ilinyamaza.

37.0.

Theuri alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa.

"Hiyo mashine haipimi tangi," Wasike alisema. "Inapima wewe."

"Si mimi," alisema Ngendo, mikono yake miwili ikiwa tumboni.

Theuri aliinua kichwa. "Mama Murugi, hilo jina. Ni nani aliliandika hapo?"

"Ni mimi."

"Watiri ambaye hajarudi? Umemwita kwa kitu haina mwili?" Alifunga macho. "Na wewe ni mtu wa kusoma!"

*

"Mimi ni mzee wa kanisa," Theuri alimwonya Wasike kabla ya kuondoka. "Mtu akiuliza, nilienda Majengo kununua viazi tamu."

Alirudi alasiri na mwalimu wa madrasa kutoka Majengo, mtaa wa Waislamu, mzee mfupi mwenye kofia iliyofuliwa hadi ikawa nyepesi, aliyeziba pua kwa ncha ya shuka bila kuona haya. Alilizunguka tangi mara moja. Hakuuliza habari za kompyuta. Alimuuliza Ngendo maswali mawili tu, jina hilo lilikuwa la nani, na lilitolewa kwa mkono wa nani.

"Aliyemo humo si mama yako," alisema. "Mama yako amelala. Huyu ni jini wa uchafu, wale wanaokaa kwenye vidonda na kwenye maziwa yaliyomwagika. Hana jina wala mwili. Alikaa pale kitandani kwa mama yako akila, na alipokwisha kula akabaki akizungukazunguka. Ukamfungulia nyumba tupu ukamwekea na jina mlangoni. Sasa jina analo. Anangoja mwili."

"Nifanye nini, Mwalimu?"

"Umfukuze kwa mkono ule ule uliomkaribisha. Futa jina. Lakini usikie vizuri, binti yangu: jina litaondoka naye. Huyo mtoto asiitwe hivyo, wala ndugu zake, wala mjukuu wako. Jina hilo lisitamkwe tena katika nyumba yako. Na wakati wa kufuta, ukisikia sauti, usiijibu. Atakwambia ya kweli, yeye alikuwepo. Usijibu hata kwa kuguna."

Kulifuta jina ilikuwa kumzika mama yake mara ya pili, na safari hii bila mlango wa kurudia. Kumwacha mama nje, kwenye baridi, milele, mwanamke aliyembebea karo ya shule kwenye paji la uso. Na upande wa pili alikuwepo huyu aliyejikunja kama ngumi.

"Nifungulieni kompyuta," alisema.

Mwalimu alisimama kwenye tangi akisoma, Theuri akishika chetezo cha ubani huku akijitahidi kutazama kwingine, Wasike akiwa ameurudisha waya na kushika mkasi wa kuukata. Ngendo alikuwa peke yake ofisini. Aliandika WATIRI. Aliandika ID. Alikuwa amebakiza sifuri tu, sifuri moja na kubonyeza, wakati harufu ilipomjia si kutoka kwenye tangi bali kutoka nyuma ya shingo yake, vuguvugu, karibu kiasi cha kulowesha ngozi, na kitu chenye majimaji kilichokuwa kikipumua kwa shida, kama alivyokuwa akipumua mama yake katika zile siku za mwisho, kikasema sikioni kwa Kikuyu, polepole, bila hasira:

"Ngendo. Ulikuwa ukigeuza uso."

Vidole vyake vilisimama. Usomaji wa mwalimu uliendelea ng'ambo ya ukuta.

"Kila siku ulikuwa ukigeuza uso. Nilikuwa nakuona."

Alijua alichoambiwa. Alikuwa mtu wa kushika maagizo. Hakuwahi kukosea hesabu ya lita moja katika miaka minane. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia akiomba msamaha huo, na mahali pa kuuombea palikuwa panafungwa.

"Nisamehe, maitu, mama yangu," alinong'ona.

Akabonyeza sifuri.

OK, skrini ikajibu, mara moja, upesi kuliko siku zote. Harufu ilikatika kama iliyokatwa kwa kisu. Nje, Wasike alikata waya, na mwalimu akasema alhamdulillahi, na Theuri, akijisahau, akasema amina.

Walikitia kisanduku ndani ya mtungi wa chumvi, wakakizika katika machimbo ya changarawe. Mwalimu alimuuliza Ngendo kama alisikia kitu. Alisema hakusikia chochote.

*

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana. Kingori, mumewe, alikubali bila maneno mengi kwamba aitwe Wachuka, jina la shangazi. Jamaa wa upande wa Ngendo, waliokuwa wakimngoja Watiri, hawakuja hospitalini kumtazama.

Muuguzi wa zamu alikuwa Gaudencia, mwanamke mnene wa Busia aliyewatania wazazi wote. Siku ya tatu alichomoa kipimajoto kwapani mwa mtoto, akakisoma dirishani, akacheka.

"Mama Wachuka, huyu wako ni saa ya ukutani! Thelathini na saba kamili. Jana hivyo, juzi hivyo, asubuhi, jioni. Haipandi, haishuki. Lakini kwa nini hataki kunyonya?"

"Sijui, sista."

"Na hata kulia kwake ni kwa mpango. Hebu sikia."

Mtoto alilia mara tatu fupi. Akanyamaza kidogo. Akalia tena mara tatu.

Gaudencia alikwenda kitanda kingine akicheka. Ngendo alimwinua mtoto. "Wachuka," alimwita. Mtoto hakumtazama. Mara tatu, kimya, mara tatu. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa siku tatu za kukataa titi, na ngozi ya utosi ilikuwa imeanza kubonyea. Ngendo alitazama mlango, akatazama kitanda cha jirani, kisha akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio lile dogo, akasema jina ambalo halikupaswa kutamkwa.

Kilio kilikatika. Mtoto aligeuza kichwa polepole, akafungua macho, akamtazama kama anavyotazama mtu mzima. Akafungua mdomo, akauelekeza kwenye titi. Na kutoka katika mdomo huo mdogo, usio na jino, ikapanda harufu ya siagi iliyooza ndani ya kitambaa.

Ngendo alifungua vifungo vya gauni. Harufu ilimtoa machozi. Lakini safari hii hakugeuza uso.